Sala Iliyokwama

Padri alituuliza mara tatu, tukajibu mara tatu,
nawe shati limekubana shingo, jasho linakutiririka,
katekista akakunong'oneza, "Sema kwa sauti, Ksaveri,
hapa si kwa karani wa ushirika."
Watu wakacheka. Nami nikacheka.
Nilidhani ndoa imekamilika palepale,
kama nyumba iliyokwisha kupigwa bati.

Kumbe tulikuwa tumepima kiwanja tu.

Newala maji hayakufuati nyumbani.
Mvua ikikosa, tulishuka hadi bonde la Kitangari
tukapanda na ndoo, kilima kikitupima magoti.
Ulibeba nawe, mwanamume mzima,
begani, kwenye njia ya wanawake.
Wenzako wakakuita bibi harusi.
Ukawajibu, "Hewala. Harusi ilikuwa ya wawili."

Usiku tulitandika mkeka.
Sala yetu fupi, ya watu waliochoka:
asante, samahani,
na jina la mtoto ambaye alikuwa bado hajaja.

Halafu mwaka ule salfa ilichelewa,
ubwiriunga ukaanza kula maua ya mikorosho,
na wewe, bila kunitamkia neno,
ukamuuzia mtu wa kangomba
korosho ambazo zilikuwa bado ua,
ukamlipia mjomba wako deni lake,
kilichobaki sijui kilikwenda wapi.
Nilijua siku ya mnada.
Wenzetu wamepanga magunia ghalani,
wewe umepanga maneno.

Sikupiga kelele. Nilipika.
Ugali wa muhogo, kisamvu,
chako nikakufunikia, changu nikala jikoni.
Kisha nikatandika mkeka,
kwa mazoea kuliko kwa imani, nisiseme uongo.

Tukaanza Baba Yetu.
Ulinifuata nyumanyuma kama mdaiwa.
Penye mkate tulipita salama.
Penye kusameheana ulimi wangu ukagoma,
ukagoma kabisa, kama baiskeli kwenye mchanga,
nawe hukunisukuma.
Tukabaki katikati ya sala,
koroboi ikinywa mafuta yetu ya mwisho.

Ningeweza kuuruka ule mstari. Nani angejua?
Lakini mkekani tulikuwa watatu.

Siku nne tukakwama palepale.
Mchana tunapalilia, tunasalimiana na majirani,
Jumapili tunakaa benchi moja kigangoni,
usiku tunaanza vizuri, tunafika, tunakwama.
Dada yangu alisema, "Rudi nyumbani, mihogo ipo."
Niliifikiria ile mihogo, nakwambia.

Usiku wa tano ukaleta daftari la kuhesabia magunia.
Umeandika kila kitu kwa mwandiko wako wa kupinda:
deni la mjomba, pombe ya msiba,
hata mia tano ya tumbaku ambayo nisingeijua kamwe.
Ukaliweka karibu na rozari.
"Soma," ukasema. "Halafu tuendelee, au tusiendelee."

Nilisoma. Ukurasa wa pili nikakasirika upya.
Nikalifunga, nikalifungua.
Kisha nikausema ule mstari,
nusu kwa midomo, nusu kwa meno,
na Mungu, naamini, aliupokea hivyohivyo,
kama ghala linavyopokea gunia la daraja la pili:
linapimwa, linaandikwa, linaingia ndani.

Wewe hukusema amina. Ulilia,
na kamasi, si vizuri kama vitabuni.

Sasa tuna tangi la kuvunia mvua.
Tulilichimba wenyewe, miezi minane,
na lina ufa upande wa mashariki;
kila kiangazi unakoroga saruji, mimi nashika taa.
Lile daftari bado lipo. Hesabu za mwaka huu
zimeanzia chini ya zile, karatasi ileile,
maana daftari jipya ni fedha.

Eufemia, kitinda mimba wetu, juzi ameniuliza
kwa nini mama na baba husimama pale,
katikati ya Baba Yetu, kila usiku,
kama watu wanaotaka kuvuka barabara.

Nimemwambia, ndivyo hasa.
Tunatazama kwanza,
kisha tunavuka.